Mchana najinyima, usiku nafakamia: je, ni uraibu wa chakula?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34, naishi Tabata. Januari nilikuwa na kilo 96, urefu wangu ni sentimita 160. Nikajiunga na grupu la WhatsApp la kupunguza mwili, nikapewa mlo: asubuhi chai ya majani wanayouza wenyewe, mchana mayai mawili ya kuchemsha na tango, usiku tufaha moja na chai tena. Chai inanipeleka chooni mara nne kwa siku, wanasema ndiyo mafuta yanatoka. Nilishuka hadi 88, nikafurahi sana. Ila tangu Aprili, watu wakishalala naingia jikoni. Nakula kiporo cha wali na ukoko wake, chapati nilizowawekea watoto za asubuhi, siagi ya karanga kwa kijiko. Hata ladha siisikii, nabugia tu mpaka tumbo linauma. Taa naizima ili mume wangu asinikute. Kesho yake najiadhibu, sili mpaka jioni. Inatokea mara tatu au nne kwa wiki na sasa nimerudi kilo 92. Kiongozi wa grupu anasema nina uraibu wa chakula, niongeze chai na niache wanga na sukari kabisa. Je, ipo dawa salama ya kukata hamu? Naona aibu hata kuandika haya.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Aibu iweke pembeni kwanza, maana barua kama yako ninazo nyingi kuliko ninavyoweza kuzijibu, na zinafanana mpaka ukoko. Zinafanana na kwa jambo jingine: usiku unaelezwa kwa kirefu, sahani kwa sahani, halafu mchana unapitiwa kwa mstari mmoja, kana kwamba ndiyo sehemu iliyokwenda vizuri. Mimi nikisoma, usiku wako haunishangazi hata kidogo. Kilichonitisha ni mchana.

Tuhesabu. Yai moja la kuchemsha lina kalori kama 75, kwa hiyo mawili ni 150. Tango na tufaha kwa pamoja hazifiki hata 150 nyingine. Chai haina kitu. Siku nzima umepewa kalori 300 hivi. Mwanamke wa umri wako, urefu wako na kilo 92, akilala tu kitandani asiinue hata kijiko, mwili wake unatumia takriban kalori 1,600 kuendesha moyo, ubongo, ini na kulinda joto. Wewe hulali kitandani. Una watoto wawili, unapanda daladala, unafua. Na aliyekupangia mlo huo hakukuuliza hata kama una kisukari.

Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 waliojitolea, vijana waliokataa kupigana vita kwa sababu ya imani zao. Walichujwa kwanza ili wabaki wenye afya njema ya mwili na ya akili. Kwa wiki 24 wakapewa chakula pungufu, wapungue kama robo ya uzito wao. Walichofanya baada ya hapo unakijua kutoka jikoni kwako. Waliota chakula. Walikusanya vitabu vya mapishi, watu ambao zamani hawakujali hata sufuria iko wapi. Walilamba sahani. Wengine walivunja masharti wakala kwa siri kisha wakajichukia. Na walipofunguliwa kula, baadhi yao walikula mpaka wakaumwa tumbo, huku wakisema bado wana njaa. Hao hawakuwa walafi, wala hawakuwa na historia yoyote ya kuhangaika na chakula. Njaa iliwafanya vile.

Unajua walikuwa wakipewa kalori ngapi kwa siku, hao tunaosema walishindishwa njaa? Kama 1,570. Zaidi ya mara tano ya mlo wako.

Ndiyo maana hasira inanipanda ninapoona mtu anafungiwa mlo wa kalori 300, mwili wake unafanya kile hasa ambacho mwili wowote ungefanya, kisha anaambiwa ana uraibu. Na dawa ya huo uraibu, eti, ni kufunga mkanda zaidi. Sikatai neno lenyewe kwa ubishi. Wapo watafiti makini wanaochunguza kama vyakula fulani vya viwandani, vyenye sukari na mafuta mengi, vinamshika mtu kwa namna inayofanana na kilevi, na kuna dodoso maalumu la kupima hilo lililotungwa Yale mwaka 2009. Lakini uraibu wa chakula haumo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani wala katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani. Sasa ona kinachotokea jina hilo likishabandikwa. Mlevi anaambiwa aache pombe, na yeye anaweza kuishi bila pombe. Wewe ukiambiwa hivyohivyo, unaacha wali, unaacha chapati, unaacha ndizi. Ni kujinyima kulekule kulikokupeleka jikoni saa tano usiku, sasa kunaongezwa.

Halafu kuna ile habari ya panya na sukari, inayosambazwa kila mwezi na watu ambao hawajaisoma: "sukari ni kama kokeini, wanasayansi wamethibitisha kwa panya." Majaribio yanayotajwa sana ni ya maabara ya Bartley Hoebel, Chuo Kikuu cha Princeton. Panya walionyimwa chakula saa 12 kila siku, kisha wakafunguliwa chakula na maji ya sukari kwa saa 12 zilizobaki, ndio walioanza kuifakamia sukari na kuonyesha dalili zinazofanana na za uraibu. Wenzao waliokuwa na sukari na chakula muda wote hawakufika huko. Umeona? Habari inayotumika kukuambia ujinyime zaidi inaonyesha kwamba kujinyima ndiko kulikowaharibu panya. Nimeeleza hili mara nyingi, na bado kesho asubuhi nitatumiwa picha ileile ya ubongo wenye rangi nyekundu.

Nisije nikakuacha ukidhani yako ni njaa tu na yataisha wiki ijayo. Kufakamia ni ugonjwa unaotambulika rasmi, tangu mwaka 2013 katika mwongozo huo wa Marekani na sasa pia katika orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022. Madaktari hutazama kama mtu anakula kingi mno kwa muda mfupi huku akihisi hawezi kujizuia, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Hutazama pia kama anakula haraka kuliko kawaida, mpaka anaumia, hata bila njaa, kwa kujificha, kisha anajichukia. Umejieleza wewe mwenyewe, hujaniachia kitu cha kuongeza. Ila chai hiyo inabadilisha hesabu kidogo. Mtu anayefakamia kisha anajiharisha, anajitapisha au anajinyima ili afidie yuko karibu na ugonjwa mwingine, bulimia, ambao una hatari zake. Hilo lipimwe na daktari ana kwa ana. Mimi ni mtaalamu wa lishe, siwezi kulikata kutoka hapa.

Swali lako la dawa. Huko Marekani kuna dawa iliyoruhusiwa mwaka 2015 kwa ugonjwa huu, ya jamii ya amfetamini. Hutolewa na daktari kwa uangalizi, kwa sababu inaweza kupandisha presha, kusumbua moyo na kumfanya mtu awe tegemezi kwake, na haikuruhusiwa kwa ajili ya kupunguza uzito. Sikutajii jina ili usiende kulitafuta Kariakoo. Tiba inayoanza kwa wengi ni mazungumzo yaliyopangwa pamoja na mshauri wa kisaikolojia, ya kutazama mawazo na mwenendo, na jiwe lake la kwanza ni kitu kinachowaudhi wagonjwa wangu wote wanapokisikia: kula asubuhi.

Naam, kula asubuhi. Hata kama jana usiku umemaliza sufuria. Hasa kama umemaliza sufuria. Uji wa ulezi wenye karanga, au mihogo ya kuchemsha na maharage, au mkate na yai, usiogope. Mchana sahani ya kweli: ugali au wali wa kiasi unachompakulia mgeni wa heshima mwenye kilo za kawaida, dagaa au maharage, mboga nusu ya sahani. Saa kumi jioni tunda na karanga kiganja kimoja. Usiku kula na familia, mezani, taa ikiwaka, chapati ikiwemo. Usipitishe muda wa saa nne hivi bila kitu tumboni. Wiki mbili za kwanza utahisi unaharibu kazi, mzani unaweza kupanda kilo moja au mbili kwa sababu maji uliyokuwa ukiyamwaga chooni yanarudi. Kwa hiyo mzani mpe jirani akuwekee. Kupunguza uzito kusubiri mpaka usiku utulie. Ukivichanganya vyote viwili sasa hivi utavikosa vyote viwili.

Andika pia, kwenye daftari la kawaida, ulikula nini, saa ngapi, na ulikuwa na nini moyoni. Wengi hugundua kwamba baada ya njaa kutibiwa bado inabaki saa fulani ya usiku yenye kitu kingine: ugomvi, upweke, mshahara umeisha tarehe kumi. Hapo ndipo mshauri anapohitajika, na hapo mimi nakabidhi. Anza na hospitali ya rufaa ya mkoa, omba kliniki ya afya ya akili, na kwenye chakula halmashauri yako ina afisa lishe anayelipwa kwa kazi hiyo. Mkipima, mpime na sukari na presha. Na mume wako mwambie. Huyo anayezimiwa taa huenda anadhani chapati zinaliwa na panya wa Tabata.

Na ninyi mnaofunga saa 16 kila siku kwa sababu mmeona inamfaa shangazi: kama una historia ya kufakamia, hiyo si njia yako, hata kama shangazi amependeza.

Sasa chai. Chai inayokupeleka chooni mara nne ni haluli, yaani dawa ya kuharisha, iite jina lolote. Nyingi ya hizi chai zina sanamaki, majani ambayo bibi zetu wa pwani waliyajua vizuri kwa mtu aliyefunga choo, siku mbili tatu, basi. Sanamaki inafanya kazi kwenye utumbo mpana. Chakula kimekwisha kunyonywa kabla ya kufika huko, kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na madini, hasa potasiamu, ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Mafuta hayatoki huko, hata kidogo. Sehemu ya zile kilo nane zako ilikuwa maji, ulilipa ili uyamwage. Usiongeze dozi, acha leo. Ukipata kizunguzungu, misuli kukaza au moyo kurukaruka, nenda hospitali usiku huohuo, usisubiri grupu likujibu.

Na hiyo ni chai yenye majani tu, ambayo ndiyo nafuu. Vidonge na unga vya "kukata hamu" vimekutwa, katika nchi nyingi, na sibutramini ndani yake. Hiyo ilikuwa dawa halali ya kupunguza uzito hadi mwaka 2010, ilipoondolewa Ulaya na Marekani kwa sababu ya shambulio la moyo na kiharusi. Tangu hapo wakora wanaisaga na kuitia kwenye pakiti zilizoandikwa "mimea asilia asilimia 100". Ndiyo maana zinafanya kazi wiki ya kwanza, na ndiyo maana usingizi unakata. Sasa zimekuja sindano. Semaglutidi ni dawa ya kweli, ya kisukari na kwa baadhi ya watu ya uzito, chini ya daktari. Lakini Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya sindano bandia za Ozempic, jina la kibiashara la semaglutidi, zilizokutwa Brazili, Uingereza na Marekani. Kama zimepenya huko, mnaonunua sindano kwa mtu wa Instagram anayeleta kwa bodaboda, isiyo na barafu wala cheti cha daktari, mnategemea nini hasa?

Naomba pia msinitumie picha za lebo mkiuliza "hii ni salama?" Siwezi kujua kwa kutazama lebo, kwa sababu anayeficha sibutramini haiandiki. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ndiyo yenye maabara na ndiyo inayosajili dawa, waulizeni wao. Na kama umeshakunywa kitu na moyo unakwenda mbio, chukua pakiti yake hata kama ni tupu, uende nayo hospitali, umweleze daktari ulichokunywa na kwa siku ngapi.