Wasomaji wanauliza: Vichwa vyepesi vya risasi na msokoto wa mtutu

Barua nne za mwezi huu zimegusa jambo moja, nalo ni vichwa vyepesi (kichwa ni ile sehemu inayoruka kutoka mtutuni) kwenye risasi za .223, saizi ndogo ya risasi za bunduki ndefu, kwa wanyama waharibifu. Tatu ni za wasomaji wanaowinda na ndugu zao Marekani, ambako kupakia risasi nyumbani, yaani kuunda risasi kwa ganda, fataki, baruti na kichwa, ni kazi ya kawaida ya mezani. Ya nne inahusu shamba la hapa hapa Arusha.

Swali: Nikienda kwa kaka yangu Wyoming huwa tunapiga wale wanyama jamii ya kindi wanaotoboa malisho kwa mashimo. Safari hii tulipakia vichwa vya greni 40 (greni ni kipimo kidogo cha uzito, kama 15 kwa gramu moja) vyenye koti, yaani tabaka la nje la madini, jembamba. Tukipiga kwenye karatasi mita 100, vingine havionekani vilikotua. Kaka anasema nakosa shabaha. Mtutu ni wa 1:7. *(Msomaji, Njiro, Arusha)*

Jibu: Hukosi. Vichwa vyako vinapasukia njiani. Anayekutazamia kwa darubini akae nyuma yako kidogo; mara nyingi ataona kifukizo cha kijivu hewani kabla ya karatasi, au utakuta karatasi ina madoadoa badala ya tundu.

Mtutu wa 1:7 una mifereji iliyosokotwa kwa ndani, na msokoto huo hukizungusha kichwa mzunguko mmoja katika kila inchi 7. Kikitoka kwa mwendo wa mita 1,000 kwa sekunde, mtutu wa 1:12 hukizungusha karibu mara 197,000 kwa dakika, na huo wa 1:7 karibu mara 337,000. Nguvu inayotaka kulirarua koti hupanda kwa mraba wa mzunguko, kwa hiyo koti lile lile linavutwa karibu mara tatu zaidi. Vichwa vya koti jembamba kama Hornady SX au Sierra Blitz vilibuniwa kwa risasi za mwendo wa wastani. Ukivipeleka mbio kwenye msokoto mkali, na mtutu ukiwa mchafu au umekwaruzika ndani, vinafunguka.

Hapa una njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza mwendo, lakini hapo faida yenyewe ya kichwa chepesi inaondoka. Ya pili, ambayo ndiyo tunayoipendekeza, ni kupanda hadi greni 50 au 55 kwenye aina yenye koti imara zaidi na ncha ya plastiki, kama V-Max au BlitzKing. Kwa mnyama wa ukubwa huo bado kinavunjika vizuri kikigonga.

Kabla ya kununua chochote, pima msokoto mwenyewe, maana bunduki iliyobadilishwa mtutu haiaminiki kwa maandishi ya kiwandani. Hakikisha kwanza haina risasi, kisha toa bolti. Chukua ufito wa kusafishia wenye mpini unaozunguka, funga kitambaa kinachobana, uingize kidogo kupitia chemba, yaani pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Piga alama ya kalamu juu ya ufito, na nyingine pale ufito unapoingilia bunduki. Sukuma taratibu mpaka alama ya juu izunguke na kurudi juu, halafu weka alama ya pili pale pale ufito unapoingilia. Umbali kati ya alama hizo mbili kwenye ufito ndio msokoto. Rudia mara tatu. Kitambaa kikiteleza utapata namba kubwa kuliko ilivyo kweli.

Ujue pia kwamba msokoto unadaiwa na urefu wa kichwa, uzito ni dalili tu. George Greenhill aliliweka hilo kwenye kanuni mwaka 1879. Kichwa cha shaba tupu cha greni 50 ni kirefu kuliko cha madini ya risasi cha greni hizo hizo, kwa hiyo mtutu wa zamani wa 1:14 unaweza kushindwa kukituliza ingawa kwenye pakiti kinaonekana chepesi. Kisipotulia kinatoboa karatasi kwa ubavu, na tundu linakuwa refu kama la ufunguo. Mtutu wa 1:12 au 1:14 ndio hasa nyumba ya vichwa vya greni 40 vya koti jembamba.

Swali: Tumehama kutoka greni 55 kwenda 40 kwa baruti ile ile, Varget, kipimo kile kile. Shingo za maganda zinatoka na masizi na kipima mwendo kinarukaruka. Tuongeze baruti? *(Msomaji, Kiborloni, Moshi)*

Jibu: Msiongeze kwa kukisia. Kichwa chepesi huondoka upesi, shinikizo halipandi vya kutosha, shingo haitanuki kubana chemba, na moshi unarudi nyuma. Hayo ndiyo masizi yenu. Varget huungua taratibu. Inapenda kichwa cha greni 55 kwenda juu. Kwa greni 40 tafuteni baruti ya kasi zaidi kama H322 au H4198, na mfungue ukurasa wa kichwa hicho hicho kwenye kitabu cha mtengenezaji. Anzeni na kipimo cha chini kabisa, mpande kwa greni 0.2 au 0.3, risasi tatu hadi tano kila hatua. Fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) ikilala bapa, bolti ikiwa ngumu kuinua, au kitako cha ganda kikiwa na alama inayong'aa, hapo mmeshapita mahali pa kusimama.

Kosa la kinyume ndilo linalovunja bunduki: kuchukua kipimo cha greni 40 na kukiweka chini ya kichwa cha greni 55 au 69. Andikeni kwenye kila boksi uzito wa kichwa, baruti, kipimo na tarehe, na mezani pakae kopo moja tu la baruti kwa wakati mmoja.

Shingo nayo muitazame. Ya .223 ina urefu wa milimita 5 na kidogo tu, na kichwa kifupi hakiwezi kufika kwenye mifereji ya mtutu huku kimeshikwa vizuri. Acheni kufukuzia mifereji. Kijazeni shingoni kadiri mwili wake unavyoruhusu. Vichwa vyenye kitako bapa huvumilia mruko huo wa kutoka shingoni hadi kwenye mifereji. Ganda likizidi milimita 44.70 likatwe lirudi 44.45, la sivyo mdomo wake unabanwa kwenye chemba na shinikizo linapanda bila ninyi kuongeza punje ya baruti.

Swali: Kwa mita 300, chepesi si ndicho bora kwa kuwa kina mbio? *(Msomaji, Sakina, Arusha)*

Jibu: Mpaka kama mita 200, ndiyo, kinakwenda karibu mstari mnyoofu. Zaidi ya hapo upepo unakidai. V-Max ya greni 40 ina kipimo cha kupenya hewa cha 0.200, ya greni 55 ni 0.255, na ya kwanza hupoteza mbio mapema. Hewa ya nyanda za juu huipunguza tofauti hiyo, haiifuti. Siku ya upepo, pakia 55.

Swali: Bweha na ngedere wananimaliza shambani Kisongo. Nina leseni ya bunduki. Naweza kupakia risasi nyepesi nyumbani? *(Msomaji, Kisongo)*

Jibu: Hapana. Leseni ya kumiliki bunduki si ruhusa ya kutengeneza risasi. Silaha na risasi zina Sheria yake ya mwaka 2015. Na hata ukiwa na risasi za dukani, bweha na ngedere ni wanyamapori, wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Piga picha za uharibifu, pitia kwa mwenyekiti wa kijiji, upeleke taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Yeye ndiye atakayekuambia hatua inayoruhusiwa.