Jibu: Empakaai kwa Jumamosi moja kutoka Mwanza? LALA KARATU

Mkuu, hiyo safari ghairi. Sijasema usiende Empakaai, ile kreta yenye ziwa ndani ya Ngorongoro, nasema usiende hivyo. Watu sita kwenye Noah, mnatoka Buzuruga saa sita usiku, mnaingia geti la Ndabaka likifunguliwa, mnakatiza Serengeti, mchana mnashuka ziwani, Jumapili jioni mko Mwanza mnakula sato. Nimeisoma ratiba yako tumbo likanikata, maana ni ileile niliyouziwa mimi, mpaka na huyo sato.

Umeuliza viatu, mahema, chakula, na kama mtoto wa miaka tisa ataweza. Tutafika huko. Kwanza niambie, nani kakudanganya kwamba ukishalipa Serengeti, Ngorongoro unapita bure? Kama ni dereva mmoja anayeongea kwa kujiamini huku anazungusha funguo kidoleni, basi tunafahamiana naye.

Sikia. Serengeti iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, Ngorongoro ina mamlaka yake. Ndabaka unalipia vichwa na gari. Ukifika Naabi, geti la kutokea Serengeti kwenda Ngorongoro, unaanza upya, vichwa na gari. Kibali kina saa 24, na ni cha kuingia mara moja, kwa hiyo ukirudi kwa njia hiyohiyo unalipa Serengeti tena kama vile hujawahi kuiona. "Mimi napita tu" haipo. Na usibebe bulungutu la hela ukidhani utalimaliza dirishani, malipo ni kwa kadi au namba ya malipo.

Sisi pale Naabi tulimgeukia dereva wote kwa pamoja. Akasema, "Labda wamebadilisha juzi." Juzi! Ngorongoro ilitenganishwa na Serengeti mwaka 1959, babu yangu alikuwa bado anachumbia. Tukaanza kuchangishana kwa simu, mtandao unakuja na kuondoka, mmoja salio limeisha, mwingine kasahau namba ya siri, na jua linazidi kupanda. Dereva kakaa kivulini anakula mhogo wetu.

Hapo sasa ndipo muda ulipotuponyoka. Watu mnaona jina Ngorongoro mnadhani Empakaai iko pembeni ya ile kreta kubwa. Haiko! Unapanda ukingoni, unazunguka kwenda Nainokanoka, unapita Bulati, barabara ni vumbi la majivu ya volkano na makorongo, saa mbili na ushei kwa gari la maana. Noah yetu ilikuwa inakwangua tumbo kila baada ya hatua chache na sisi tunashuka kuisukuma, kwenye baridi ambayo koti la Mwanza haliijui.

Tulifika saa kumi kasoro. Askari (hushuki bila askari mwenye silaha, hilo halina mjadala) akaangalia saa, akaangalia ukungu, akasema leo hamshuki. Mwenzetu mmoja akaanza kubembeleza bei kama yuko mwaloni Kirumba anataka dagaa wa jioni. Askari akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia nyati hawajui kama umelipa. Ukungu ukafunguka kidogo, tukaona maji ya kijani huko chini na ukanda mweupe wa flamingo kandokando, ukajifunga. Dereva akasema, "Si mmeliona?"

Nilitamani kumshusha yeye.

Kesho yake pancha, saa 24 zikapita tukiwa bado ndani, tukalipa Ngorongoro tena. Halafu Serengeti tena. Serengeti mara mbili, Ngorongoro mara mbili, ziwa mara sifuri. Mke wangu hadi leo nikisema "kuna sehemu nzuri ya kutembea" anaficha pochi.

Kwa hiyo kanuni ni moja: LALA KARATU. Panda basi la Arusha linalopita Shinyanga, Singida na Babati, shuka Makuyuni, chukua gari la Karatu kupitia Mto wa Mbu. Najua ni mzunguko, na makalio yatalalamika, lakini njia yote ni lami na hakuna geti hata moja. Kodi gari la 4x4 palepale Karatu, suala la askari lipangwe kabla hujafika, na saa 12 asubuhi uwe geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro. Unalipa mamlaka moja tu, jioni umetoka. Pia kifua kinapata usiku mmoja wa kuzoea. Sisi tumezoea ziwa letu Nyanza (Victoria), lililo mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, wakati kule ukingo wa Empakaai sehemu ya juu kabisa unapita mita 3,000.

Nilipokwenda kwa njia hiyo, saa nne tulishaanza kushuka. Msitu mnene, miti ina ndevu za kijivu zinaning'inia mpaka zinakugusa usoni, kima wanapiga kelele juu. Mahali fulani askari alinyoosha mkono tusimame, akachokonoa kinyesi cha nyati kwa kijiti. Kilikuwa bado kinatoa mvuke. Hakuna aliyeuliza swali. Kushuka hakukufika saa nzima, ila kupanda jiandae karibu mara mbili yake, na hapo ndipo wanaume wa gym huwa wanakumbuka kupiga picha kila kona.

Maji ya kunywa beba toka juu. Lile ni ziwa la magadi, limejaa karibu nusu ya sakafu ya kreta, na kina chake kinafika mita 80 hivi. Nilichovya vidole, vikateleza kama nimeshika sabuni. Usije ukajaza chupa ukidhani ni Nyanza.

Viatu: raba yenye meno inatosha. Suruali ndefu, kuna majani yanawasha njia nzima. Mahema sijui, mimi nililala gesti Karatu, na nadhani umeshaelewa msimamo wangu kuhusu Karatu. La mtoto waulize wenye watoto watiifu.

Na kama dereva umeshampa advansi na hataki kuirudisha, mwambie Jumapili awapeleke Bujora, makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, mkapige picha. Hadi Kisesa hata Noah inafika, na Naabi haipo njiani.