Maabara Inahama, Shahada Yangu Je?

Safu ya maswali ya wasomaji walio masomoni ughaibuni

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni binti wa Muheza, niko mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu katika chuo kimoja cha pwani ya magharibi ya Florida. Nachunguza usugu wa mbu aina ya Aedes aegypti kwa dawa za kuulia wadudu. Kimbunga Helene kilipopita mwishoni mwa Septemba 2024, maji ya bahari yaliingia chini ya jengo letu. Tukiwa bado tunasomba matope, kikaja Milton tarehe 9 Oktoba na umeme ukakatika kabisa. Mbu wangu wote waliokuwa hai wamekufa. Nimebaki na mayai kwenye karatasi, na sampuli ndani ya friza inayoendeshwa kwa jenereta ya kuazima. Profesa amepata nafasi katika chuo kimoja cha Alabama na anataka tumfuate, anasema ni "kwa muhula mmoja, pengine zaidi". Wenzangu wawili wamekataa. Nikienda, shahada yangu itatoka chuo gani? Na viza? Mama yangu kila akinipigia analia, anataka nirudi Tanga. Halafu kuna fundi wetu wa maabara, mama mtu mzima aliyenifundisha kufuga mbu. Nyumba yake imezama, na mimi naona haya kuhangaikia mayai ya mbu. Nifanyeje?
Binti wa Muheza, Florida

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Njia hiyo nimeipita. Kimbunga Katrina kilipopiga tarehe 29 Agosti 2005 nilikuwa mwanafunzi wa uzamivu New Orleans, nikifuga mbu wa Anopheles. Kuta za kuzuia maji zilibomoka, karibu asilimia 80 ya mji ikafunikwa, na vyuo vikaishia kusomesha wanafunzi wao miji mingine hadi mwaka ukageuka. Maabara yetu ilihamia Houston.

Nenda Alabama. Lakini nenda ukiwa bado mwanafunzi wa chuo chako cha Florida, na usipande gari kabla hilo halijaandikwa na kutiwa saini.

Watu wengi hapo huchanganyikiwa kwa sababu wanaona maabara nzima ikipakiwa kwenye lori wakadhani kila kitu kimehama. Profesa anahama, darubini zinahama, sampuli zinahama. Usajili wako hauhami mpaka wewe mwenyewe uuhamishe, na shahada hutolewa na chuo ambacho jina lako limo kwenye daftari la msajili wake. Hata fedha za utafiti, zile kubwa za serikali kama za NIH, yaani taasisi za taifa za afya za Marekani, hupewa chuo, hazipewi profesa mkononi. Akitaka kuondoka nazo moja kwa moja, chuo chake lazima kikubali kuziachia kwa maandishi. Posho yako na bima yako ya afya zinapitia mlango huohuo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza profesa ni moja: unakwenda kwa muda, au unaondoka? "Kwa muhula mmoja, pengine zaidi" halijajibu. Najua tulivyolelewa, kumbana mkubwa kwa swali la namna hiyo kunaonekana kama kukosa adabu. Muulize. Muulize kwa upole, ana kwa ana, kisha jioni mwandikie barua pepe: "Profesa, asante kwa mazungumzo ya leo. Nilivyoelewa ni hivi na hivi." Nusu ya watu wa maabara yetu walikuwa na ahadi za mdomo tu, na profesa mwenyewe alikuwa hana usingizi. Mtu aliyechoka husahau aliyoyaahidi bila ubaya wowote.

Ukitoka kwake, nenda kwa mkuu wa idara. Ulizia kama kamati ya tasnifu yako itaendelea kukaa, hata kwa njia ya mtandao, na kama muda wa kumaliza utaongezwa. Ulizia pia kama idara yenyewe itakuwepo. Usidhani nakutisha. Desemba 2005 chuo kikuu cha Tulane, hukohuko New Orleans, kilitangaza kufuta idara zake nyingi za uhandisi ili kibaki hai kifedha baada ya kimbunga. Kulikuwa na wanafunzi waliokuwa wamehifadhiwa vyuo vingine kwa muhula mmoja, mizigo imefungwa tayari kurudi, wakasikia idara yao inafungwa. Chuo kilichopata hasara kubwa hupunguza, na anayejua mapema ndiye anayepata pa kukimbilia.

Kuhusu viza ya F-1, ile ya wanafunzi: rekodi yako iko chini ya chuo kilichokupa fomu ya I-20, ile ya kuombea viza, na itabaki hapo ukiwa umesajiliwa hapo. Ukihama makazi, anwani mpya lazima iripotiwe ndani ya siku 10, hata kama unalala kwenye kochi la rafiki. Kulipwa ukiwa nje ya kampasi inawezekana kwa mwanafunzi wa uzamivu pale kazi inapohusiana na utafiti uliofadhiliwa kwa mkataba, lakini usijiamulie mwenyewe. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ndiyo iseme, na iseme kwa maandishi. Baada ya Katrina serikali ya Marekani ilitulegezea masharti kwa muda, ya idadi ya masomo na ya saa za kazi. Nafuu kama hiyo huja kwa tangazo rasmi. Bila tangazo, sheria ni zilezile za siku zote. Na bima: piga simu uulize ni hospitali zipi za Alabama zinazoipokea, kwa sababu baadhi ya bima za wanafunzi hutambua watoa huduma wa eneo la chuo tu.

Sasa tuje kwenye mayai, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Una bahati kuliko niliyokuwa nayo. Mayai ya Aedes yakishakomaa hustahimili ukavu kwa miezi. Ya Anopheles hayawezi, yakikauka yamekwenda. Sisi tulipoteza ukoo mzima. Ulioniokoa ni ukoo mwingine wa aina ileile uliotoka kwenye hazina ya mbu wa utafiti inayogawia maabara duniani. Leo hazina hiyo ipo chini ya BEI Resources, ina Anopheles na Aedes pia. Lakini mbu wako uliowakusanya mwenyewe mitaani hawamo humo, hivyo karatasi hizo ni mali ambayo hainunuliki. Ziweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, unyevu kidogo tu ndani, mbali na jua, na mbali na sisimizi. Sisimizi watakula kazi ya miaka kwa usiku mmoja. Andika kila karatasi kwa penseli: mahali, tarehe, kizazi. Wino huyeyuka.

Kisha gawa mafungu matatu. Moja uende nalo, moja libaki Florida kwa mtu unayemwamini, moja litumwe maabara ya tatu iliyo mbali na bahari. Kimbunga Sandy kilipofurika New York mwaka 2012, maabara za Chuo Kikuu cha New York (NYU) zilipoteza maelfu ya panya wa utafiti, na watafiti wa vyuo vingine wakajitolea kuwarudishia koo za panya ambazo watu wa NYU wenyewe waliwahi kuwagawia. Aliyegawa alipata. Ila kabla ya kuvusha chochote chenye uhai mpaka wa jimbo, hata mayai, ofisi ya usalama wa kibaolojia ya chuo ikuthibitishie vibali vinavyohitajika, na vyuo viwili viwekeane mkataba wa sampuli. Hizo si zako wala za profesa, ni za chuo.

Friza: ikiwa imejaa na haifunguliwi, joto lake hupanda polepole. Anayeiua ni yule anayefungua kuchungulia. Fungua mara moja, ukiwa na orodha mkononi. Anza na RNA, nakala za vinasaba zinazoharibika upesi, haina subira. DNA iliyokwisha kusafishwa itavumilia siku kadhaa hata umeme ukikataa, na mbu waliotiwa kwenye ethanoli waache wa mwisho. Safarini tumieni barafu kavu kwenye madeli mazito, na msizibe mifuniko kwa gundi, maana barafu hiyo haiyeyuki kuwa maji, inageuka gesi, na deli lisilopumua hupasuka. Gesi yenyewe ni kaboni dayoksaidi. Ndani ya gari lililofungwa vioo inaweza kumpoteza mtu fahamu na hata kumuua. Madeli yakae nyuma, vioo viwe wazi hata kama kuna baridi. Jambo hili nalisema kwa kila mwanafunzi wangu na nitaendelea kulisema.

Ukifika, kabla hujapanga chochote, uliza jenereta ya wenyeji iko ghorofa gani. Houston walikuwa wamejifunza kwa uchungu: dhoruba Allison ya Juni 2001 ilijaza maji vyumba vya chini vya hospitali na vyuo vya tiba, na wanyama wa utafiti maelfu kwa maelfu wakafia humo. Ndiyo maana walitupokea walivyotupokea. Hawakutuuliza tutalipa nini. Walitupa rafu zenye majina yetu tayari. Na bado hatujatulia, kikaja kimbunga Rita. Zaidi ya watu milioni mbili waliingia barabarani kwa wakati mmoja, magari yakasimama kwenye jua mpaka yakaisha mafuta. Rita kikageuka mashariki na kupiga mpakani mwa Texas na Louisiana tarehe 24 Septemba. Wakati huu friza zilikuwa juu, jenereta imejazwa, orodha imebandikwa mlangoni pamoja na namba ya mtu atakayebaki. Wewe umekwisha kupigwa na viwili mfululizo, huna haja ya kuelezwa kwamba cha tatu kinawezekana.

Mama yako. Mwaka 2005 simu zote zenye namba za New Orleans ziligoma, na mama yangu Pangani alikuwa akisikiliza redio akijua tu kwamba mji nilioko umejaa maji. Ujumbe mfupi ulipenya kabla ya simu. Kilichomtuliza ni jina la mtu. Nilimpa jina na namba ya mwenyeji wangu Houston, mama wa Kikongo aliyejua Kiswahili, wakasalimiana wenyewe bila mimi. Basi mtafutie mama yako mtu wa namna hiyo huko Alabama: Mtanzania, Mkenya, Mkongo, yeyote atakayeweza kumwambia "nimemwona, amekula". Kurudi Tanga sasa hivi sikushauri. Ukitoka nje ya nchi wakati rekodi ya chuo chako haijatulia, kurudi kunaweza kuwa kugumu kuliko kubaki. Mweleze hivyo, maneno hayohayo. Wazazi wetu wanaelewa mambo ya vibali kuliko tunavyodhani.

Fundi wenu nimemwacha mwisho ila yeye ndiye aliyenifanya niichague barua yako. Usione haya kwa mayai. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu anayeieneza ni huyohuyo unayemchunguza. Akizoea dawa, watu wanaugua. Lakini haya uliyoisikia imekuonyesha jambo: profesa ana pa kwenda, wewe una pa kwenda, yeye hana. Mafundi ndio wanaosahauliwa kila mara. Kwenye orodha ya watakaohama huwa hawamo, na mshahara wao hukatwa kabla ya wa mtu mwingine yeyote. Mwambie profesa, ninyi wanafunzi wote kwa pamoja, na wale wawili waliokataa kuhama wakiwemo, kwamba fungu linalobaki Florida linahitaji mlezi mwenye mshahara, na hakuna anayelijua kama yeye. Ombi hilo lina maana kisayansi na profesa anaweza kulitetea mbele ya chuo. Na Jumamosi kabla ya safari nendeni kwake na mabuti na koleo. Ukuta wa jasi uliolowa hutolewa haraka kabla kuvu hazijaota, na mtu mmoja hauwezi.

Ukikwama kwenye lolote, niandikie tena.

SWALI: Kijana wangu anasoma Asheville, North Carolina, kwa viza ya F-1. Helene ilimharibia chumba na wakakaa wiki nyingi bila maji safi ya bomba. Anasema serikali inagawa fedha kwa waathirika lakini yeye haruhusiwi. Ni kweli, au amekosea kujaza?
Mzazi, Kilwa Masoko

JIBU: Ni kweli, mzee wangu. Fedha taslimu za FEMA, shirika la serikali ya Marekani la kushughulikia maafa, ni za raia na za wageni wa makundi fulani, kama wenye ukaazi wa kudumu na wakimbizi. F-1 haimo. Makazi ya dharura, chakula na maji hapewi mtu kwa kuangalia viza, na Msalaba Mwekundu hawaulizi hadhi ya uhamiaji. Huko aende bila hofu. Vyuo vingi pia vina mfuko wa dharura wa wanafunzi, aombe kupitia ofisi ya wanafunzi wa kigeni.

Mkanye jambo moja, leo hii ukiweza. Asitie saini popote panaposema yeye ni raia wa Marekani, hata rafiki akimwambia ni utaratibu tu wa fomu. Kudai uraia usio wako kunaweza kumfungia milango ya nchi hiyo maisha yake yote. Kama alikwisha kutia saini kimakosa, asijibu barua yoyote kabla hajaonana na mwanasheria wa uhamiaji. Vyuo vingi vina mwanasheria ambaye wanafunzi humwona bila malipo.