Gari la kabureta linalozima kwenye sailensa: kabla ya kununua kabureta nyingine

Ndugu yangu, umeeleza kwamba Corolla yako ya 1983, KE70 yenye injini ya 4K, inawaka vizuri asubuhi, lakini ikishapata moto inatetemeka kwenye sailensa, yaani inapozunguka polepole bila mafuta kukanyagwa, na kuzima kila unaposimama kwenye taa; kwamba umekwisha kubadilisha plagi, kabureta imesafishwa mara mbili, na sasa fundi anakushauri ununue kabureta nyingine. Ningekuomba usinunue kwanza. Gari langu ni la aina hiyohiyo, na maradhi hayo yalinisumbua karibu mwaka mzima, hadi nikawa naiogopa foleni ya kivuko cha Magogoni, kwa sababu kila magari ya mbele yaliposogea hatua tatu, mimi nilikuwa napiga stata upya huku walio nyuma wakinipigia honi.

Dalili zako zenyewe zinasema jambo. Asubuhi unavuta choki, na choki inapunguza hewa, hivyo injini inalishwa petroli nyingi. Ukishairudisha, upungufu uliokuwa umefichika unajitokeza. Jaribio la kwanza, kwa hiyo, halihitaji hata spana: injini ikiwa ya moto na inataka kuzima, vuta choki kidogo tu, kama robo. Ikitulia, ujue kuna hewa inayoingia mahali isipostahili kuingia, au njia ndogo ya petroli ya sailensa ndani ya kabureta imeziba. Ikizidi kulemewa na kutoa moshi mweusi, petroli ndiyo iliyozidi, na hapo utazame kile kioo kidogo kwenye bakuli la kabureta: petroli ikiwa imepanda kupita alama ya katikati, boya au sindano yake haifungi sawasawa.

Langu lilitulia. Fundi wa kwanza alisema jeti, kile kitundu chembamba kinachopitisha petroli, imeziba, akasafisha, nikapata nafuu ya siku mbili. Wa pili akasafisha tena, nafuu ikawa ya siku moja. Nilipoifungua mwenyewe ndipo nilipoona kilichokuwa chini yake. Baina ya kabureta na manifodi, yaani mabomba yanayopeleka mchanganyiko kwenye injini, hukaa kipande kinene cheusi cha kuzuia joto, chenye gasketi juu na chini. Gasketi ya chini kwenye gari langu ilikuwa imekatwa kwa mkasi kutoka kwenye boksi la biskuti, maandishi bado yanasomeka upande mmoja, na ukingo wake umeungua kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni. Kipande chenyewe cheusi kilikuwa na ufa unaopita kwenye tundu la nati. Injini ikiwa baridi, choki ilikuwa inafidia. Ikipata moto, ilikuwa inavuta hewa kupitia ufa ule. Kumbe kila kabureta ilipotolewa kwenda kusafishwa, kidonda kilikuwa kinachubuliwa upya. Yako imetolewa mara mbili, ndiyo maana nakuomba uanzie hapo.

Njia ninayoitumia ni bomba la sindano lenye maji. Injini ikiwa kwenye sailensa, dondoshea maji kidogo kuzunguka kitako cha kabureta na kwenye maungio ya manifodi, ukiyaepusha na distributa, inayogawa umeme kwa plagi, na waya za plagi. Mahali ambapo mlio wa injini utabadilika ghafla, hapo ndipo hewa inapoingia. Wapo wanaotumia petroli kwa kazi hii. Mimi siithubutu, kwa kuwa kwenye 4K manifodi ya moshi, yaani mabomba ya kutolea moshi, iko upande uleule, chini ya kabureta kabisa, na kikiwaka hapo hutapata muda wa kutafuta mchanga.

Baadaye fuata mipira ya hewa, mmoja baada ya mwingine, ukiibana kwa koleo lililofungwa kitambaa; ukibana mmoja na injini ikatulia, hewa inapitia huko. Mpira mwembamba wa distributa uchomoe upande wa kabureta, uunyonye kwa mdomo: ukiuziba kwa ulimi unapaswa kung'ang'ania, na usipong'ang'ania, ama mpira wenyewe umepasuka au kiwambo kilicho upande wa pili kimechanika.

Kwa upande wa kabureta, kabla ya kuigusa kwa bisibisi, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha chomoa na kurudisha waya wa ile valvu ya umeme inayokata petroli ya sailensa. Lazima isikike ikigonga, tik. Isipogonga, sailensa haitapata petroli hata ukisafisha kabureta kila Jumamosi, na mara nyingi kosa ni waya uliokatikia ndani ya ganda lake. Plagi umeshabadilisha, lakini platini, zile ncha za kukata umeme ndani ya distributa, je? Nafasi yake ni milimita 0.45. Tapeti nazo, yaani nafasi za valvu, zipimwe injini ikiwa ya moto, milimita 0.20 za kuingizia na 0.30 za kutolea, kwa sababu valvu iliyobanwa mno haifungi vizuri, na sailensa ndiyo inayoumia kwanza.

Skrubu ya mchanganyiko, inayopima petroli ya sailensa, ni ya mwisho. Ifunge taratibu hadi iguse, bila kuikaza, maana ncha yake ikishapata mkunjo haitarekebishika tena. Kisha irudishe nyuma mizunguko kama miwili na nusu, uirekebishe injini ikiwa ya moto. Ukiifunga yote na injini isishtuke, usiendelee kuizungusha. Maana yake ni kwamba petroli ya sailensa haipiti hapo, na huenda fundi alikaza skrubu ya mwendo, ile inayopandisha kasi ya injini, ili injini ishikiliwe na mafuta ya kukanyagia. Langu lilikuwa hivyo, na siku nilipoweka gasketi halali na kipande kipya cheusi, skrubu ile ikaanza kuitika kwa robo ya mzunguko.

Mpira mnene wa buster ya breki, kifaa kinachorahisisha kukanyaga pedali, nimeuacha kwa makusudi. Ukiubana na injini ikatulia papo hapo, na pedali yako imekuwa nzito siku hizi, weka bisibisi chini na usiliendeshe gari hilo hadi buster na mpira wake vikaguliwe.