Mtoto mchanga mwenye manjano: jua la asubuhi au taa ya bluu?

Swali la mleta uzi: mtoto wa siku tatu ana manjano, bibi anataka aanikwe juani asubuhi, daktari anataka alazwe chini ya taa. Nenda na daktari, tena leo hii.

Bibi hajabuni. Miaka ya 1950, katika hospitali ya Rochford, Uingereza, nesi Jean Ward aliona watoto waliotolewa juani wakipungua manjano, na taa zikaanzia hapo. Tatizo la jua ni kipimo. La asubuhi ni dhaifu. Mtoto akivuliwa anapoa, akivikwa mwanga haufiki kwenye ngozi. Na la mchana linaunguza.

Kinachotibu ni mwanga wa bluu wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 460 hadi 490. Unabadili umbo la bilirubini (ile rangi ya njano inayotokana na chembe za damu zilizovunjika) iliyo ngozini, ikatoka kwa nyongo na mkojo bila kusubiri ini ambalo bado changa. Kwa hiyo balbu ya bluu ya mapambo ni rangi tu, usijaribu nyumbani.

Wodini angalia haya. Mtoto abaki na nepi ndogo tu, macho yazibwe bila kuziba pua. Taa ikae umbali uliowekwa na mtengenezaji, mara nyingi kama sentimita 30. Ukiisogeza mbali nguvu inashuka haraka. Tiba kali inahitaji angalau mikrowati 30 kwa sentimita ya mraba kwa nanomita, na jicho haliwezi kupima hilo. Tyubu kuukuu huwaka vizuri kabisa huku nguvu imeshakwisha, ndiyo maana unasikia "alikaa siku mbili haikushuka". Uliza taa ilipimwa lini. Shuka nyeupe pembeni husaidia kurudisha mwanga, mradi hewa ipite.

Anyonye kila saa 2 hadi 3. Maji na glukosi havitoi bilirubini. Maziwa ndiyo yanayomfanya apate choo. Choo laini cha kijani ni kawaida. Akitolewa kunyonya isizidi nusu saa, na kiwango cha bilirubini kikiwa juu sana asitolewe kabisa bila ruhusa.

Usihukumu kwa rangi ya ngozi baada ya kuanza taa, maana ngozi hupauka mapema wakati bilirubini ya kwenye damu bado iko juu. Kipimo cha damu ndicho kinachoamua, na taa izimwe wakati wa kuchukua damu. Kipimo kirudiwe baada ya kuacha tiba, kwa sababu huweza kupanda tena.

Manjano ndani ya saa 24 za kwanza, nyayo kuwa njano, mtoto kulegea, kukataa titi, kulia kwa sauti kali au kujipinda mgongo ni dharura: huenda akahitaji kubadilishwa damu kabla ubongo haujaumia. Na ondoeni naftalini (vidonge vya kufukuza nondo) kabatini. Mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, anaweza kuvunjika chembe za damu kwa harufu yake.

Manjano yakipita wiki mbili, choo kikiwa cheupe, hapo taa si jibu. Achunguzwe ini na njia ya nyongo upesi.

Mliouliza kuhusu watu wazima: hiyo ni mianga mingine. Soriasisi (ugonjwa wa magamba ya ngozi) na mbalanga hutibiwa kwa urujuanimno wa nanomita 311, mara 2 au 3 kwa wiki, chini ya daktari wa ngozi. Ndugu walioko Ulaya wanaonyong'onyea kila majira ya baridi hutumia taa nyeupe ya laksi 10,000 (kipimo cha mng'ao), dakika 30 asubuhi; mwenye baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) aongee na daktari kwanza. Manjano ya mtu mzima yanayotokana na homa ya ini hayaponi kwa taa.