Usaili wa Afisa Ugavi: alama haziko kwenye "jieleze"

Mkuu, hongera kwa kupita mchujo. Umeuliza ujibu vipi "jieleze", "kwa nini tukuchukue wewe" na "udhaifu wako ni upi" kwenye mahojiano ya Afisa Ugavi Daraja la II. Nitakujibu, ila naona unataka kumalizia nguvu zako mahali ambapo alama ni chache.

Nimesailiwa na Sekretarieti ya Ajira (chombo kinachosaili waombaji wa kazi serikalini hapa Tanzania), nimesailiwa na kampuni binafsi pia, na sasa niko kitengo cha ununuzi kwenye halmashauri. Kampuni binafsi watakaa na wewe, watakuchimba, watataka kujua ukoje na unataka mshahara gani. Serikalini mshahara umeshaandikwa kwenye tangazo kwa ngazi ya TGS (ngazi za mishahara ya watumishi wa serikali), hakuna wa kubishana naye. Unaingia, unakuta wasaili wamekaa, kila mmoja na karatasi yake ya alama, unaulizwa maswali machache ya kada yako, unatoka. "Jieleze" hapo ni ya kukupa pumzi. Usiitumie kusimulia shule ya msingi uliyosoma. Sema elimu, usajili wako PSPTB (bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi), halafu kitu kimoja ulichokifanya kwa mikono yako. Mfano: "Nilijitolea stoo ya hospitali ya wilaya. Nilikuwa napokea mzigo wa MSD (Bohari ya Dawa), nahakiki idadi na tarehe za kuisha muda, naingiza kwenye leja, na zile zinazokaribia kuisha muda nazipanga mbele zitoke kwanza." Hapo umejieleza. Nyamaza, wakuulize.

Sasa fungua lile tangazo uliloombea kazi, soma sehemu ya majukumu. Watu hulisoma siku ya kutuma maombi halafu hawarudi tena. Kila jukumu pale ni swali. Limeandika "kukusanya na kutunza takwimu za wazabuni"? Jiulize: utazikusanya wapi, zinasaidia nini, na sasa hivi mzabuni anajisajili kwenye mfumo gani? Limeandika "kupokea vifaa"? Eleza hatua kuanzia gari linaposimama getini mpaka vifaa vinapoingia kwenye leja. Andika majibu kwa hoja, maana msaili anahesabu hoja. Ukiambiwa utaje njia za ununuzi, anza na orodha: ushindani wa kimataifa, ushindani wa kitaifa, zabuni zenye ukomo, nukuu za bei, ununuzi wa chanzo kimoja. Ndipo urudi kueleza kila moja kwa sentensi moja. Ukianza na maelezo marefu ya ile ya kwanza, muda unaisha hujafika ya tatu.

Tahadhari kubwa: daftari la chuo. Kama ulisoma kipindi cha sheria ya 2011, ilishafutwa. Tuko kwenye Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 na kanuni zake za 2024, na mfumo wa kielektroniki wa ununuzi ni NeST, siyo TANePS ile ya zamani. Mtu akitaja TANePS kwa sauti ya kujiamini mbele ya wasaili, kila mtu chumbani anajua mara ya mwisho alisoma lini. Jua pia nani anafanya nini kati ya Afisa Masuuli (mkuu wa taasisi), Bodi ya Zabuni, Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi, idara tumizi (inayohitaji vifaa) na kamati ya tathmini, na kwa nini hawatakiwi kuingiliana. Kuna taasisi tatu pia: PPRA inadhibiti ununuzi wa umma, PPAA inasikiliza rufani za zabuni, GPSA inashughulikia mikataba maalumu ya vifaa na huduma mtambuka (zinazotumiwa na taasisi nyingi) pamoja na mafuta ya magari ya serikali. Wengi huzichanganya hizi tatu.

Halafu kuna maswali ya mazingira, yaani unapewa tukio la kazini unaulizwa utafanyaje, na hapa ndipo wazuri wanapoonekana. Moja nililokutana nalo lilikuwa hivi: ni mwisho wa Juni, mwaka wa fedha unaisha, mkuu wa idara anakuletea ankara, vifaa havijafika, anakuomba usaini kuwa vimepokelewa ili fedha zisirudi Hazina tarehe 30. Utafanyaje? Ukijibu "nitakataa kwa sababu mimi ni mwadilifu" umepata robo ya jibu. Endelea: vifaa hukaguliwa na kamati ya ukaguzi na mapokezi kabla hati yoyote haijasainiwa, utamweleza mkuu huyo kwa heshima hatari ya hoja ya ukaguzi ya CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali), ambayo itamgusa yeye pia, utamjulisha mkuu wa kitengo chako kwa maandishi, na utamfuatilia mzabuni kujua mzigo umekwama wapi. Umekataa, na bado umeonyesha kuwa unataka kazi iende.

Udhaifu: usiseme "napenda sana ukamilifu", kila mtu anasema hivyo na wasaili wameshachoka. Taja wa kweli ambao hauui kazi yenyewe. Kusema mbele za watu wengi kunakupa shida, sawa, na unachofanya kupunguza ni hiki na hiki. Kuchelewa kumaliza taarifa ni udhaifu wa kweli pia, lakini huo baki nao nyumbani.

Mazoezi usifanye na kioo, kioo hakikuulizi swali la nyongeza. Tafuta mtu wa ugavi akubane, hata kwa simu. Fanya kwa Kiingereza na Kiswahili. Mimi niliulizwa kwa Kiingereza, nikakwama katikati, nikaomba kumalizia kwa Kiswahili, wakaniruhusu.



Mwisho, nyaraka, maana kuna watu hurudishwa mlangoni hata swali moja hawajasikia. Soma tangazo la kuitwa mpaka chini. Vyeti halisi kuanzia kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho. "Statement of results" na "provisional results" hawapokei. Kama jina la kati kwenye cheti cha kuzaliwa halifanani na la kidato cha nne, shughulikia hati ya kubadili jina wiki hii, usingoje ufike Dodoma.