Barua kwa mwanangu: siku ya Jumatatu usiifute

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku Kigoma sote wazima. Mama yako hajambo, mgongo wake umetulia. Mvua bado zinanyesha, jana radi ilipiga ziwani tangu adhuhuri mpaka jioni.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Umesema leseni ya mwanamichezo wa kulipwa unayo, kocha huna, na zimebaki wiki nane kabla ya mashindano ya triathloni ya Gqeberha, Afrika Kusini: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, kisha marathoni nzima ya kilomita 42.2. Umenitumia ratiba ya wiki, siku sita zimejaa na ya saba, Jumatatu, umeiwekea alama ya kuuliza. Ukaandika: "Baba, nikiifuta siku ya kupumzika nikafikisha saa 31 za mazoezi kwa wiki, nitaongeza nguvu au nitajiumiza?"

Utajiumiza. Ningeweza kuishia hapo, lakini wewe tangu utotoni hukuwa wa kuambiwa "usifanye" ukanyamaza, kwa hiyo nakueleza yaliyonipata mimi.

Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu kijana wa michezo, nikajiandaa kwa marathoni bila kocha, kama wewe. Kila alfajiri nilitoka Ujiji nikakimbia hadi Mwandiga na kurudi. Wiki sita sikupumzika hata siku moja, na kila siku nilikimbia kwa kasi ileile, kasi ya kuhema. Nilikuwa na daftari la kaunta buku. Nikiamka, kabla sijakanyaga chini, nilishika kifundo cha mkono, nikatazama saa ya ukutani na kuhesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Juzi nimelitoa sandukuni. Wiki ya kwanza: 46, 47, 46. Wiki ya nne: 51, 50, 52. Wiki ya sita: 54, 57, 58. Namba zote nimeziandika kwa mwandiko mzuri wa mwalimu, nimepiga na mstari kwa rula. Niliziandika, nikafunga daftari, nikaenda kukimbia.

Siku ya mashindano nilifika kilomita ya 29. Mguu wa kulia ukakataa kukanyaga. Nikakaa kando ya barabara nikiwatazama watu niliowaacha mbali wakinipita mmoja mmoja. Mfupa wa muundi ulikuwa na ufa, na huo ufa haukuanza siku ile. Ulianza siku nilipoona 54 nikajiambia ni uvivu.

Sasa nikukumbushe babu yako. Unajua alivyovua dagaa pale Kibirizi: usiku wa giza, karabai zimewashwa, dagaa wanafuata mwanga mpaka wanajaa juu ya wavu. Mbalamwezi ikikomaa, ziwa lote lina mwanga, karabai haiwavuti tena. Basi siku zile mitumbwi ilipandishwa mchangani. Mimi mtoto nilidhani wanapumzika. Nilipomuuliza, alinionyesha sindano ya nyavu akasema, "Tunashona." Nyavu zilizochanika zilishonwa, mitumbwi ikakalafatiwa, na giza liliporudi walitoka na vyombo vizima. Mvuvi aliyekuwa na haraka hakuweza kulazimisha, mwezi ulimzuia. Wewe hakuna wa kukuzuia. Hilo ndilo linalonitia hofu katika ratiba yako, kuliko hizo saa 31 zenyewe.

Mwili nao unashona. Ukirudi kutoka safari ya saa tano, sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli imekwisha, na kuirudisha yote kunataka siku nzima ya kula vizuri, pengine zaidi. Nyuzi za misuli zilizochanwa na mbio ndefu zinataka siku kadhaa. Nguvu unayoitafuta inaingia wakati huo, ukiwa umelala. Kwa hiyo Jumatatu ibaki tupu. Osha mnyororo, kagua matairi, lala mchana.

Kosa la pili katika ratiba yako ni lilelile langu la 1987. Nimehesabu: vipindi kumi na sita, na kumi na moja umeandika "wastani". Hiyo kasi ya wastani ni nzito mno kukuacha upone na nyepesi mno kukuongezea kasi. Vipindi vingi, kama vinne katika kila vitano, viwe vya polepole kweli, kiasi kwamba unaweza kumsimulia mtu habari za nyumbani bila kukata sentensi. Vichache vilivyobaki viwe vikali kwelikweli. Najua itakuuma kuona mita ya wati, hicho kipima nguvu cha baiskeli yako, ikionyesha namba ndogo wakati miguu ina hamu. Vumilia.

Ningekuwa mimi, ningepanga hivi kwa wiki tano utakazokuwa hapa nyumbani. Jumanne ndiyo siku ngumu ya kwanza: asubuhi kuogelea vipande vya kasi, jioni baiskeli barabara ya Manyovu. Unaikumbuka, kutoka Mwandiga ni lami kilomita 60 na milima haiishi. Panda kwa nguvu dakika nane, shuka taratibu, rudia mara tano, geuza. Jumatano ni mbio ndefu, kilomita 28 hadi 30, polepole. Nimeiweka mbali na Jumamosi makusudi, miguu isikutane na mizigo miwili mfululizo. Alhamisi ogelea na uzungushe baiskeli kidogo. Ijumaa mbio fupi zenye vipande vya kasi ya mashindano, basi. Mazoezi ya vyuma mara mbili kwa wiki, nusu saa, hayo unayajua kuliko mimi. Jumla haifiki saa 25. Usiongeze.

Jumamosi ndiyo siku ya kuitunza kama yai. Toka saa 12 asubuhi, pita Kidahwe, shika njia ya Uvinza. Mpaka Uvinza kwenyewe ni kama kilomita 105, kwa hiyo geuka kabla hujafika, ukifikisha 90. Ukirudi unazo 180 kamili. Lami ni nzuri, magari machache asubuhi, ila malori ya chumvi hayapishi mtu, ukiyasikia nyuma shuka pembeni. Ukifika nyumbani usikae. Viatu vya kukimbilia nitakuwa nimeviweka kizingitini. Badilisha, kimbia nusu saa papo hapo kwa kasi ya mashindano. Dakika kumi za kwanza miguu itakuwa kama ya mtu mwingine, na ni hizo dakika kumi ndizo tunazozifanyia mazoezi.

Na safari hiyo ndiyo shule ya tumbo. Unajua mchezo huu wa masafa marefu ulivyoanza Hawaii, Februari 1978? Watu 15 walianza, 12 wakamaliza, Gordon Haller akashinda kwa saa 11 dakika 46. John Dunbar ndiye aliyekuwa mbele walipoanza kukimbia, lakini maji ya wasaidizi wake yakaisha wakampa bia. Akamaliza wa pili. Mtu aliogelea, akaendesha baiskeli kuzunguka kisiwa kizima, akashindwa kwenye kunywa. Nawe mwaka jana uliniambia ulitapika kilomita ya 25 ya mbio. Miguu yako ilikuwa na kosa gani?

Kwa hiyo kila Jumamosi kula na kunywa kama siku yenyewe. Lengo ni gramu 90 za wanga kwa saa, lakini anza na 60 na upandishe kidogo kila wiki, maana utumbo nao unafundishwa. Glukosi peke yake ikizidi gramu 60 hivi kwa saa utumbo hauwezi kuipitisha, inabaki tumboni ikikusumbua. Sukari ya kawaida ya dukani ni nusu glukosi na nusu fruktosi, ile sukari ya matunda, na fruktosi ina mlango wake, ndiyo maana zikichanganyika unaweza kupita hapo. Hesabu yake ni rahisi: saa nne na nusu juu ya baiskeli ni kama gramu 400 za sukari. Mama yako ameshika kichwa nilipomwambia. Weka kwenye chupa na robo kijiko cha chai cha chumvi kwa kila lita. Chumvi ya Uvinza ipo jikoni, watu walikuwa wanaichemsha kutoka chemchemi za kule zaidi ya miaka elfu iliyopita. Hizo pakiti zako za jeli za bei mbaya zihifadhi, tumia mbili tatu tu ili tumbo lisishangae siku ile.

Jumapili ni ziwa. Hapa nisikilize sana. Kuingia majini ni alfajiri, kabla upepo haujaamka, na mbali na matete na maji ya kina kifupi yaliyotulia, maana konokono wa kichocho wanakaa humo na vijidudu vyao hutoka zaidi jua likipanda kuelekea mchana. Hata hivyo ukirudi Arusha, baada ya miezi miwili hivi nenda ukapime, usingoje kuumwa. Midomo ya mito usiisogelee, mamba wapo. Radi ikisikika hata kwa mbali, toka. Na hakuna kuogelea bila mtumbwi kando yako, hata kama unaona ni dakika kumi tu.

Suti ya mpira ya kuogelea utaihitaji kule Gqeberha, bahari yao ni ya baridi. Wa kulipwa wanaruhusiwa kuivaa maji yakiwa hayazidi digrii 21.9, na ziwa letu ni digrii 25 na kuendelea. Ukivaa hapa saa nzima utapikika humo ndani. Ivae dakika kumi na tano tu mwanzoni, mabega yazoee inavyobana, kisha uvue umpe baba mdogo mtumbwini.

Wiki mbili za mwisho utazimalizia kule. Punguza kazi karibu nusu, lakini vipande vifupi vya kasi viache. Utajisikia mzito, mguu utauma mahali ambapo hapajawahi kuuma, utataka kutoka ukajaribu kilomita thelathini kuona kama bado unaweza. Siku hiyo nipigie simu kwanza.

Umesema kocha huwezi kumlipa mwaka huu. Sawa, mimi wati sizijui na saa yako hiyo siiwezi. Lakini kuhesabu mapigo najua. Kila asubuhi kabla hujanyanyuka, hesabu dakika nzima, niandikie namba na umelala saa ngapi. Usiniandikie unavyojisikia, hilo utanidanganya kwa nia njema. Nitaandika kwenye kaunta buku lilelile, kurasa za nyuma zimebaki tupu tangu 1987. Namba ikipanda saba juu ya kawaida yako siku mbili mfululizo, nitakujibu "lala", nawe utalala bila kubishana. Hata ikiwa Jumamosi. Hata ikiwa hali ya hewa ni nzuri na njia ya Uvinza imekauka.

Kwenye treni mwambie mkaguzi baiskeli isilazwe chini ya mizigo. Baba mdogo wako amesema mtumbwi upo kuanzia Jumanne, ila anataka uvae kofia ya rangi ya machungwa, ile nyeupe mwaka jana ilimpotea kwenye mawimbi akakutafuta kwa macho dakika nzima.

Ni mimi baba yako,
Kigoma